Fundi wa Kadi Zisizojulikana

Sijawahi kumwona Fundi akiamini kitu kilichoandikwa nje ya kompyuta. Ukimpelekea mashine yenye kibandiko kinachong'aa, chenye jina la kampuni na sifa zake zote, alikuwa anakisoma kama mtu anavyosoma tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme, halafu anachukua bisibisi. "Hayo ni maneno ya sokoni," alikuwa akisema. "Tumfungue, aseme mwenyewe."

Alikaa Mwisenge, pale Musoma, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana. Hakuuza kompyuta, hakutengeneza simu, hakujaza wino. Watu walimwendea kwa ugonjwa mmoja tu, nao ni kompyuta ngeni iliyokataa mtandao. Na mkoani Mara hatuna uhaba wa kompyuta ngeni. Nyingine zinakuja za msaada, nyingine kwenye mitumba, nyingine zinaachwa na kampuni zilizofunga virago. Ukiiwasha inawaka vizuri, inaandika, inapiga hesabu, lakini ukichomeka waya wa intaneti haioni kitu, na ukiiuliza ina shida gani inajibu kwamba ina kifaa kisichojulikana. Kifaa chenyewe ni kadi ya mtandao, na kadi hiyo inahitaji draiva, yaani programu ndogo ya kuifundisha kompyuta namna ya kuongea nayo. Draiva zipo kwenye intaneti, na intaneti huna kwa sababu huna draiva. Wengi walikwama hapo, na kompyuta ikaishia kuwa meza ya kuwekea mafaili.

Mimi nilikuwa karani wa shule ya sekondari upande wa Kiriba. Niseme mapema, msomaji asije akanidhania mwema: nilimharibia Fundi jina. Nilifanya hivyo kwa maneno machache, siku moja ya Jumatano, na kwa miaka sita iliyofuata sikujua kama anajua kuwa ni mimi. Kwa hiyo kila ninachokumbuka juu yake nimekikumbuka kwa jicho la mtu anayepeleleza. Nilikuwa nampima kwenye kila neno na kila mguno: anajua, au hajui?

Tuanze na namba, maana bila namba huwezi kumwelewa. Kila kadi ina namba yake, mafungu mawili, la kwanza la aliyeitengeneza na la pili la kadi yenyewe. Shuleni kwetu tulipewa kompyuta mbili ndogo nyeusi, hazina hata feni, zimefanana kama sare. Moja ilikubali mtandao, ya pili ikagoma. Mkuu wa shule, mama mmoja mkali ambaye sote tulimwita Madam, alisema haiwezekani, ni pacha hawa, lazima kuna mtu ameharibu. Akaniangalia mimi. Fundi alizifungua zote mbili akatuonyesha kwamba ndani zilikuwa na kadi tofauti kabisa. Kiwanda kilipoishiwa kadi ya kwanza kiliweka nyingine, wala hakikubadilisha jina la nje.

Alituambia kwamba kwao, kijana akija kuposa, wazee hawamuulizi jina. Wanamuuliza wewe ni wa ukoo gani, na mama yako katoka wapi. "Jina unapewa na mtu yeyote," alisema. "Namba unazaliwaga nayo." Madam alicheka siku hiyo. Nilikuja kumkumbuka akicheka, maana baadaye alimtaja Fundi kwa sauti nyingine kabisa.

Mlangoni kwa Fundi palikuwa na kopo la siagi limepigiliwa msumari ukutani. Humo ndimo mgeni alipoacha flashi yake kabla ya kuingia. Haikujalisha wewe ni nani. Mchungaji alikuja na mahubiri ya Jumapili kwenye flashi, akaambiwa aiache koponi. Akauliza kwa upole kama neno la Mungu nalo lina virusi. Fundi akamjibu kwamba neno halina, lakini flashi imepita kwa mwenye stationari, na mwenye stationari amepokea flashi za mji mzima. Mchungaji aliondoka amenuna, na Jumapili hiyo, nasikia, mahubiri yalikuwa juu ya wenye shingo ngumu.

Fundi mwenyewe alihifadhi draiva kwenye sidii, mamia ya sidii, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Alisema sidii ukishaichoma, yaani ukishaiandikia mara moja, imekwisha, kirusi hakiwezi kuandika juu yake. Vijana walimcheka, sidii katika zama hizi. Na kwa sababu ya kufuli, watu walisema mengi. Wengine walisema anaghushi vyeti humo ndani. Wengine walisema anaharibu mashine kusudi, anaacha kitu, ili mtandao ukikatika urudi kwake tu. Hilo la mwisho lilikuwa na sura ya ukweli, na ndiyo sababu lilinifaa nilipolihitaji. Kwa kweli mashine zake zilikuwa zinagoma tena. Mfumo wa kompyuta ulikuwa unajiletea apdeti, yaani toleo lake jipya, apdeti inaondoa draiva yake aliyoitafuta kwa taabu, inaweka nyingine ya kubahatisha, na mtandao unakufa. Alizuia apdeti kila alipoweza, na pale asipoweza alibandika karatasi juu ya kioo kwa herufi kubwa: USIBONYEZE. "Kompyuta ikikuuliza kitu," alituambia, "usiwe na haraka ya kukubali. Iulize na wewe, kwa nini unataka kujua."

Mtu wa namna hii ungedhani nyumbani kwake ni boma la jela. Wapi. Mlango wa uani ulikuwa wazi mchana kutwa, baiskeli yake ilitembea mtaa mzima kwa watu ambao hakuwauliza hata wanaipeleka wapi, na samaki alinunua bila kufunua mashavu yao. Niliwahi kumwona akipokea fungu la sato kwa mama mmoja, wawili kati yao macho yameshakuwa meupe, akashukuru na kufunga mfuko. Nilimuuliza mbona hachagui. Akasema samaki akioza ananuka, kila mtu anajua. Draiva mbovu hainuki.

Nililichukia jibu hilo. Wakati huo nilikuwa nimeshafanya langu, nikadhani ananipiga kijembe.

Kisa alichopenda kukisimulia mwenyewe kilikuwa cha Buhemba. Kikundi cha wachimbaji wa dhahabu kilinunua kompyuta kutoka kwa kampuni iliyofunga kazi, sanduku la chuma zito la aina ambayo haijawahi kuonekana Musoma, la kuunganishwa na mizani. Mtandao ukagoma. Fundi akapanda kule na sidii zake. Wachimbaji walimzunguka wamekunja mikono, maana walimshuku anapeleleza uzito wa dhahabu yao. Yeye naye aliwashuku wao, kwamba mmoja wao amebadilisha kadi usiku na sasa anajifanya haelewi. Basi wakakaa hivyo siku tatu, hawasemeshani zaidi ya salamu. Anaweka draiva, mtandao unakuja. Anakunywa chai, mtandao unaondoka. Anaweka draiva nyingine, unakuja, unaondoka. Siku ya tatu akagundua kwamba kila unapoondoka ni pale karasha la kusagia mawe linapowashwa. Lilikuwa linatikisa meza, na kadi ilikuwa imeshikiliwa na skrubu moja iliyolegea.

"Siku tatu namshuku draiva," alikuwa akimalizia, "na watu wazima nimewashuku, kumbe skrubu." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha alisema jambo ambalo wengine hawakulisikiliza, lakini mimi nililisikia kila mara: kwamba jioni ile aliwaita wachimbaji wote, akawaambia niliwadhania wezi, nisameheni. Wakamwambia na sisi tulikudhania hivyohivyo, wakala nyama. Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

Sasa hiyo Jumatano.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya kusajili watahiniwa wa kidato cha nne. Orodha yao, picha zao, kila kitu kilikuwa kwenye ile kompyuta nyeusi ya pili, ambayo Fundi alikuwa ameitengeneza Alhamisi iliyopita na kubandika karatasi yake. Jumatatu iliniuliza kuhusu apdeti. Ilikuwa inaniuliza mara kumi kwa siku, nami nimechoka, nikabonyeza. Mtandao ukafa. Nilimpigia Fundi, yuko Buhemba, hapatikani. Sikumwambia Madam. Nilijua atasema nini, na ajira yangu ilikuwa ya mkataba wa mwaka mmojammoja.

Jumanne jioni nikapata wazo la kijinga. Kwenye simu yangu nilikuta tovuti inayoahidi programu ya bure, itakayotafuta draiva za kompyuta yoyote duniani. Yoyote duniani, na bure. Mimi, ambaye nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo karibu na Fundi! Nikaipakua, nikaihamisha kwa waya, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Jumatano asubuhi kioo kilikuwa kimejaa matangazo, na orodha ya watahiniwa haikufunguka, wala picha hata moja.

Madam alisimama nyuma ya kiti changu. Akauliza ni nani aliyeigusa mashine hii mara ya mwisho.

Nikasema, "Fundi alikuwa hapa Alhamisi."

Basi. Ukiniweka kizimbani sijasema uongo. Alikuwa hapo Alhamisi, karatasi yake inaonekana. Nilisema nusu, na nusu nyingine nikaimeza, na Madam akaimalizia mwenyewe kwa yale yaliyokuwa yanasemwa mtaani. Wanafunzi hawakupata hasara. Mimi na walimu wawili tulipiga picha upya, tukaenda Musoma kuomba kompyuta za watu, tukaingiza majina siku mbili mfululizo tukawahi. Lakini Madam alikuwa na marafiki, wakuu wa shule wenzake, tangu Kiriba mpaka Butiama, na aliwapigia simu mmojammoja. Mwezi haukuisha shule zote zilikuwa zimetafuta fundi mwingine. Zahanati zikafuata.

Fundi alikuja mara moja tu, Jumatatu yake. Madam alimruhusu aikague mashine, ila akaniagiza nimsimamie asije akachukua kitu. Nisimame mimi, nimlinde yeye! Alikaa karibu saa nzima akisoma kurasa za maandishi madogo kwenye kioo, mimi nimeegemea mlango. Alipomaliza aliizima, akasema, "Kadi haijafa." Akaenda ofisini kwa Madam, nikamsikia akisema siyo yeye. Alisema mara moja. Madam akamjibu asante kwa kuja.

Tangu hapo, miaka sita. Tulikutana sokoni, tulikutana kwenye misiba, aliniamkia vizuri, akaniuliza habari za Kiriba. Nilihama, nikafungua duka la kuchapa na kutoa kopi Bunda, na kila nilipokwenda Musoma nilipita Mwisenge, eti kusalimia. Nilikuwa nakwenda kumchunguza. Niliona sanduku la sidii limeanza kushika vumbi kwa sababu watu wameacha kuja, halafu limeongezeka vumbi kwa sababu hata yeye ameacha kulifungua. Niliona siku hizi anachomelea redio za watu. Nikitoka hapo nilikuwa najiambia hajui, angejua angesema. Nikifika Bunda najiambia anajua, ndiyo maana hasemi. Dhamiri mbaya ni mfadhaiko, nikwambie ukweli, nilikonda.

Mwaka huu nilichoka. Nilitaka kumwambia, lakini sikuweza kwenda mikono mitupu, kama mtu anayekwenda kukiri. Nikatafuta kisingizio. Kwenye duka langu nina kompyuta moja ya ajabuajabu, ya kibanda cha tiketi cha nchi gani sijui, niliyoinunua kwenye mitumba. Ilikuwa nzima. Nikaifuta draiva ya mtandao mimi mwenyewe, nikaifunga kwenye kanga, nikaipeleka Mwisenge.

Alifurahi kuiona. Niseme kweli, alifurahi sana, akaizungusha mikononi, akasema hii sijawahi. Akaiwasha. Akasoma namba ya kadi, akakunja uso, akafungua zile kurasa za maandishi madogo, akashuka nazo polepole. Mkewe alikuwa uani anachambua dagaa, tunasikia ungo.

"Karani," alisema. "Hii draiva haijaharibika. Imeondolewa na mtu."

Nikasema labda vijana wa dukani.

"Jana, saa kumi na dakika tano za jioni. Aliyeingia ni wewe, jina lako hili hapa." Hakunitazama. "Kompyuta inaandikaga kila kitu. Nani kaingia, saa ngapi, kaweka nini, katoa nini. Watu hawasomagi tu."

Ndipo nikaelewa ile saa nzima aliyokaa shuleni, mimi nimeegemea mlango.

"Na ile ya shule nayo iliandika," nilisema.

"Iliandika."

Nikamuuliza kwa nini hakumwonyesha Madam, miaka yote hiyo. Nilikuwa karibu kumkasirikia, kama vile yeye ndiye aliyenificha jambo. Akasema alimwambia Madam siyo yeye. Kama neno lake halitoshi, alisema, basi asingekwenda kuomba ushahidi kwa mashine.

Nikamwomba msamaha. Niliusema wote, sikuchagua maneno, nikalia kidogo. Alisikiliza akichezea bisibisi. Nilipomaliza akasema kwamba mimi na yeye hatuna neno, alishajua tangu siku ile, akalizoea. "Ila huyu mama," akaonyesha uani kwa kidevu, "aliniuliza mwaka ule kama niliiharibu ile mashine. Nikamwambia hapana. Akasema sawa." Akaiweka bisibisi chini. "Unajua kuna sawa na sawa. Miaka sita nakaa na ile sawa yake."

Akamwita. Mkewe akaja akijifuta mikono kwenye kitenge, mwanamke mrefu, mpole wa sura, ambaye miaka yote alinikaribisha kwa uji. Fundi akamwambia karani ana neno. Akakaa kwenye benchi, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu apdeti, simu yangu, ile tovuti ya bure, na nilichomjibu Madam nilipoulizwa. Hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa anamwangalia mumewe.

"Na wewe ulijua," alimwambia.

"Nilijua."

"Una maandishi, unajua na jina la mtu, ukaniacha nikushuku miaka sita nzima."

"Nilitaka uniamini hivihivi tu," alisema.

"Hivihivi." Mama alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Wewe, ambaye hata mchungaji hujamwamini, ulitaka mimi nikuamini hivihivi. Na wenzangu kanisani wakinisema mume wako hivi, mume wako vile, niwajibu nini? Niwajibu hivihivi?"

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Fundi ameshindwa na swali. Mama akanigeukia, na macho yake hayakuwa na uji wala chai.

"Simu ya huyo Madam unayo?"

Nilikuwa nayo. Alikuwa amestaafu, lakini namba haijabadilika.

"Mpigie. Weka sauti kubwa."

Fundi akasema hakuna haja, yameshapita, mama wa watu ni mtu mzima sasa. Mkewe akamwambia hajaulizwa. Nikatafuta jina kwenye simu, nikapiga, nikaiweka simu juu ya meza katikati ya skrubu. Ikaita mara ya kwanza. Fundi akasimama atoke nje. Mkewe akamshika upindo wa shati bila kunyanyuka, akamvuta mpaka akakaa pembeni yake kwenye benchi.

"Kaa usikie," alimwambia.

Ikaita tena, kisha ikapokelewa, na ile sauti niliyoiogopa miaka mingi ikauliza nani mwenzangu. Nikataja jina langu kamili.